Nguvu za Luanda Magere Zilikuwa Kivulini: Maoni Kuhusu Filamu ya The Haunting na Wahakiki Wake

Utangulizi

Mnamo Julai 1999, kampuni ya filamu ya DreamWorks ya Marekani ilitoa filamu ya kutisha iitwayo The Haunting. Filamu hiyo iligharimu takribani dola milioni 80, kiasi kikubwa mno kwa filamu ya aina hiyo wakati ule. Ilikuwa na waigizaji wenye majina, wakiwemo Liam Neeson na Catherine Zeta-Jones, na mwelekezi wake, Mholanzi Jan de Bont, alikuwa tayari amejipatia sifa kwa Speed (1994) na Twister (1996). Hata hivyo, hadithi yenyewe haikuwa mpya. Filamu ya jina lilo hilo ilikuwa imeelekezwa na Robert Wise mwaka 1963, nayo ilitokana na riwaya ya Shirley Jackson, The Haunting of Hill House, iliyochapishwa mwaka 1959. Wahakiki walioipenda filamu ya Wise waliingia kuitazama ile ya De Bont wakiwa na matumaini, na wengi wao walitoka wakiwa na kejeli.

Yamkini msomaji atauliza: jumba la Wamarekani lenye mizuka lahusiana nini na jarida la wanafunzi wa Kiswahili, tena kwa kalamu ya mtu wa Pap Onditi huku Nyakach, ambako nyumba nyingi hazina hata ghorofa moja ya kujificha mzuka? Swali hili ni la haki, na makala haya yanakusudia kulijibu. Ninadai kwamba kosa la filamu ile halikuwa kuirudia hadithi ya kale, wala halikuwa wingi wa fedha. Kosa lilikuwa kukionyesha na kukieleza kile ambacho hadithi iliishi kwa kukificha. Fasihi simulizi ya kandokando ya Ziwa Viktoria ililijua kosa hilo kabla ya kamera kufika. Isitoshe, sisi wahakiki wa Kiswahili tusipojifunza kulitambua, madhara yake hapa kwetu yatazidi hasara ya kiingilio cha sinema.

Jumba Moja na Tungo Zake

Ili tuzielewe shutuma za wahakiki, hatuna budi kuifuata hadithi yenyewe kwa ufupi. Katika riwaya ya Jackson, msomi aitwaye Daktari Montague anawaalika watu wachache wakae naye katika jumba kongwe linalosemekana kuwa na mizuka. Mmoja wao ni Eleanor, mwanamke aliyetumia miaka kumi na mmoja akimuuguza mamake. Baada ya mazishi, Eleanor anabaki na shaka inayomla moyo: je, usiku ule wa mwisho alimsikia mamake akigonga ukuta kumwita, naye akakosa kuitika? Jumbani, milango inagongwa usiku na mgongaji haonekani. Ni jumba linalomwita Eleanor, au ni hatia yake mwenyewe? Jackson hakujibu. Msomaji anaifunga riwaya akiwa na majibu mawili mkononi, na kila moja linamtisha kwa namna yake.

Robert Wise alikiheshimu kimya hicho. Aliipiga filamu yake kwa picha za rangi nyeusi na nyeupe, akampa Julie Harris nafasi ya Eleanor, na katika filamu nzima hakuna mzuka hata mmoja unaojitokeza. Katika onyesho mashuhuri, mlango wa mbao unafura taratibu kuelekea ndani, kana kwamba kitu kizito kinauegemea kutoka upande wa pili. Hatuonyeshwi kitu hicho. Katika onyesho jingine, Eleanor amelala gizani, ameushika mkono wa mwenzake kwa hofu. Taa inapowashwa, mwenzake yuko mbali naye, upande mwingine wa chumba. Basi alikuwa ameushika mkono wa nani? Mtazamaji anaachiwa swali hilo aende nalo nyumbani.

De Bont alilipokea jumba lilo hilo akiwa na kompyuta. Katika filamu yake, mashuka na mapazia yanachukua umbo la watoto, vichwa vya watoto vilivyochongwa mbaoni vinageuka na kukodoa macho, na hatimaye Hugh Crain, tajiri aliyelijenga jumba, anajitokeza mwenyewe akiwa pandikizi la mzuka. Juu ya hayo, kila jambo linapewa sababu. Tunaelezwa kwamba Crain aliwatesa watoto waliofanya kazi viwandani mwake na kuzifunga roho zao humo jumbani, na kwamba Eleanor ni wa ukoo wa mke wake wa pili, ameitwa ili awakomboe. Mwanamke aliyekuwa akisutwa na dhamiri yake anageuzwa mwokoaji. Mgongo wa mlango uliofura katika filamu ya Wise sasa una mwenyewe, naye ana sura, jina na wasifu.

Wahakiki Walisema Nini

Wahakiki hawakukawia. Kati ya hakiki zilizokusanywa na Rotten Tomatoes, zilizoipendelea filamu hii hazifiki moja kati ya tano. Malalamiko mengi yalirudia jambo moja: kwamba picha za kompyuta zimejaa hadi hofu imekosa pa kukaa. Filamu hiyo iliteuliwa mara tano kuwania tuzo za Razzie, zinazotolewa kwa kazi mbovu kabisa za mwaka, ikiwa ni pamoja na filamu mbovu kuliko zote na mwelekezi mbovu kuliko wote.

Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Si kila mhakiki aliyeikataa. Roger Ebert wa Chicago, mmoja wa wahakiki wa filamu waliosomwa sana Marekani, aliipa nyota tatu kati ya nne. Hakuisifu hadithi, alilisifu jumba: usanifu wa vyumba, mapambo, sauti na fahari ya mandhari. Hakiki hiyo ina funzo kwa wanafunzi wa uhakiki. Mtu anaweza kukiri kwamba fundi wa mandhari amefanya kazi ya kuvutia huku msimulizi akishindwa, na mhakiki mwema huvitenganisha vipengele hivyo badala ya kuitupa kazi nzima jalalani.

Watetezi wa filamu wana hoja nyingine: fedha. The Haunting iliingiza takribani dola milioni 177 ulimwenguni. Kelele za chura, watasema, hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Ni kweli kwamba hakiki hazikuwazuia watu kununua tiketi. Hata hivyo, kazi ya uhakiki haikuwa kamwe kulinda mlango wa sinema. Mauzo hutuambia ni wangapi walioingia, na aghalabu waliingia kwa sababu ya jina na matangazo. Uhakiki hutuambia walichokikuta humo, na huweka kipimo atakachokikuta msanii atakayekuja baadaye.

Kipindi hicho hicho kilitoa ushahidi wa kutosha. Mwezi huo huo wa Julai 1999 ilitoka The Blair Witch Project, filamu iliyopigwa kwa makumi machache ya maelfu ya dola, juu ya vijana watatu waliopotea msituni. Mchawi wanayemwogopa haonyeshwi hata mara moja. Filamu hiyo iliingiza karibu dola milioni 250. Msomaji asikimbilie kusema kwamba umaskini ndio uliowafunza waundaji wake adabu ya kuficha, kwa maana mwezi Agosti ilifuata The Sixth Sense, iliyogharimu takribani dola milioni 40 na kuteuliwa kuwania tuzo sita za Oscar. Mizuka ya filamu hiyo yaonekana, lakini siri iliyo kuu kuliko yote inafichwa machoni petu mchana kweupe mpaka mwisho. Kwa hiyo, fedha peke yake si adui. Adui ni fedha zinapomshawishi msanii kwamba kinachoweza kuonyeshwa lazima kionyeshwe.

Niongeze pia kwamba wahakiki nao hukosea. Waandalizi wa Razzie waliiteua The Blair Witch Project katika orodha ile ile ya filamu mbovu kuliko zote waliyoiweka The Haunting. Waliozitia filamu hizo mbili kapu moja hawakuwa wameuliza kila moja ilikusudia nini na ilitumia njia gani. Dhihaka si uhakiki, hata inapofurahisha.

Kutunga Upya Si Hatia

Kuna wasomi wanaoamini kwamba kosa la De Bont lilikuwa kuigusa kazi iliyokwisha kukamilika. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hawezi kukubali hoja hiyo bila kuukana ujuzi wake wote. Tunafundishwa tangu mwaka wa kwanza kwamba kila utambaji ni utunzi mpya, kwamba fanani hubadilisha kulingana na hadhira, mahali na wakati, na kwamba hakuna ngano yenye nakala moja iliyo halali. Hakuna bibi katika Nyakach aliyewahi kushtakiwa kwa kuisimulia upya hadithi aliyoisikia kwa bibi yake. Alichoweza kushtakiwa nacho ni kuisimulia vibaya, na watoto wenyewe ndio waliotoa hukumu kwa kusinzia.

Hali ni hiyo hiyo katika fasihi andishi. Mwalimu Julius Nyerere aliutafsiri mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar mwaka 1963, na mwaka 1969 akatoa tafsiri aliyoirekebisha, Juliasi Kaizari. Alijitunga upya mwenyewe, na Kiswahili kikafaidika. Grace Ogot aliichukua hadithi ya Simbi Nyaima, iliyosimuliwa vizazi kwa vizazi, akaiandika kwa Kiluo mwaka 1983. Okoiti Omtatah aliitungia visa vya Luanda Magere tamthilia ya Kiingereza. Jijini Dar es Salaam, marehemu Kapteni Derek Mukandala, aliyefahamika zaidi kwa jina la Lufufu, alizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, na hapa Kenya DJ Afro amejipatia wafuasi wengi kwa kazi ya namna hiyo. Katika vibanda vya video vya masoko yetu, mashabiki wake hawakuuliza iwapo maneno ya shujaa yalilingana na yale ya Kiingereza. Waliuliza iwapo yalikolea.

Hata jumba la Jackson lenyewe lilitungwa upya kwa mara nyingine. Mnamo Oktoba 2018, Netflix ilitoa tamthilia ya sehemu kumi ya Mike Flanagan, yenye jina la riwaya. Flanagan aliipindua hadithi kuliko De Bont: aliwaondoa msomi na wageni wake, akaweka familia moja na watoto watano, akayagawa baadhi ya majina ya wahusika wa kale kwa watu wapya. Kama uaminifu kwa chanzo ndio ungekuwa kipimo, wahakiki wangemsulubisha. Badala yake, wengi walimsifu. Mizuka yake inaonekana, naam, lakini mingine mingi aliificha nyuma ya wahusika, vivulini na pembeni mwa milango, bila muziki wala ishara ya kumzindua mtazamaji. Mtu huiona kwa bahati, au haioni kabisa, na tangu hapo hauamini ukuta wowote.

Kivuli cha Magere

Sasa turudi nyumbani. Katika uwanda wa Kano, jirani ya Nyakach, husimuliwa kisa cha Luanda Magere, shujaa wa Waluo aliyekuwa na mwili wa jiwe. Mikuki ya adui haikumwingia. Adui zake wakampa binti yao awe mke wake, na binti huyo akaivumbua siri siku ambayo mumewe aliugua. Alitaka kumchanja chale ampake dawa, wembe ukashindwa, na mgonjwa akamwambia akichanje kivuli. Damu ikatoka. Binti akatorokea kwao na habari hiyo, na katika vita vilivyofuata adui mmoja akakilenga kivuli kwa mkuki wake. Magere akaanguka na kuwa jiwe.

Wanafunzi wetu huzoeshwa kumlinganisha Magere na Fumo Liyongo wa pwani, ambaye siri yake ilikuwa kitovuni na silaha yake ya mauti ilikuwa sindano ya shaba. Kwa kawaida ulinganisho huo huishia kwenye usaliti wa ndugu na wake, na majibu ya mtihani huishia papo hapo. Lakini kuna tofauti ambayo hatuisemi. Siri ya Liyongo ipo mwilini, mahali pa kushikika. Siri ya Magere ipo katika kile kisicho na mwili. Waliotunga kisa hiki walifahamu kwamba nguvu inaweza kukaa pembeni ya kitu chenyewe, mahali ambapo mwanga haufiki. Hadithi ya kutisha ina maumbile hayo. Mwili wake, yaani jumba, milango na wahusika, wastahimili kubadilishwa kwa kila namna. Kivuli chake kikichomwa, iliyobaki ni jiwe. De Bont alikimulika kivuli kwa taa za dola milioni 80.

Mfano mwingine ni wa nyawawa. Wakazi wengi wa kandokando ya ziwa wanaijua imani hii ya pepo wanaosemekana kupita jioni au usiku pamoja na upepo. Hakuna anayewachora. Mtu mmoja hupiga sufuria, mwingine mabati au mlango, boma la pili likaitikia, na mshindo husafiri kijiji hadi kijiji kuwasukuma pepo hao waende zao. Mtoto aliye ndani ya nyumba hamwoni nyawawa. Anachokiona ni mikono ya watu wazima, watu anaowategemea, ikipiga vyombo kwa haraka isiyo ya kawaida, na yeye mwenyewe hupewa kifuniko apige. Hofu yake imeundwa na sauti na ushiriki wake mwenyewe. Robert Wise, aliyeutumia mgongo wa mlango na mshindo wa ukutani, angeielewa jioni hiyo bila mkalimani.

Hata nyumba zetu zina kanuni hii. Mwenye boma anapohamia boma jipya kwa jogoo, shoka na moto, boma la kale hubaki mahame, au gunda kwa Kiluo. Katika gunda hakuna jumba lenye minara. Kuna ua wa minyaa uliokua ovyo, mwinuko mdogo pale ukuta ulipoporomoka, na labda kaburi. Mpita njia hupaheshimu kwa sababu anajua walioishi hapo, na asichokiona anakijaza mwenyewe. Vivyo hivyo kwa ziwa la Simbi karibu na Kendu Bay, mwendo usio mrefu kutoka Pap Onditi. Wanajiolojia hutwambia ni kreta ya volkano iliyojaa maji ya magadi. Masimulizi hutwambia ni kijiji kilichozama kwa kumnyima bibi kizee makaribisho usiku wa sherehe. Anayesimama ukingoni huona maji matupu, na utupu huo ndio unaomfanya akiwaze kijiji.

Je, Kufichua ni Kosa Daima?

Msomaji makini atanikumbusha Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960. Huko mauaji yanatokea, mzimu wa wahenga unahusishwa, na Bwana Msa anafumbua fumbo kwa akili zake. Mbona ufichuzi huo hatuulaumu? Kwa sababu riwaya ya upelelezi inamwahidi msomaji jambo hilo hasa. Inaanza kwa giza ili iishie kwa nuru, na furaha yake ni kuona hofu za uongo zikipepetwa mpaka ubakie uhalifu wa binadamu. Hadithi ya kutisha imetoa ahadi nyingine: kwamba baada ya maelezo yote kutolewa, kitabaki kitu kisichoelezeka. Mhakiki humpima kila msanii kwa ahadi yake. De Bont alianza kwa ahadi ya Jackson, akamaliza kwa malipo ya mpelelezi, na bado mtu hakuridhika kwa lolote.

Uhakiki Wetu na Sura ya Mzuka

Hapa ndipo penye jambo linaloniwasha zaidi. Sinema ya Kiswahili ina mizuka yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mussa Banzi wa Tanzania alitoa Nsyuka na kisha Shumileta, na wengine wengi wakafuata. Leo kijana wa Kisumu, Ahero au Pap Onditi anaweza kupiga filamu kwa simu na kuitia picha za kompyuta bila kupanda ndege kwenda Marekani. Kishawishi kilichomwangusha De Bont kimeshuka bei. Kijana huyu akituletea filamu ya gunda au ya nyawawa, sisi tunaosomea uhakiki tutamwambia nini?

Nikitazama mazoea yetu, naona tutamwuliza maswali mawili. La kwanza ni iwapo lugha yake ni sanifu. La pili ni iwapo filamu ina maadili, yaani iwapo wabaya wameadhibiwa na uchawi umekemewa. Maswali yote mawili yana nafasi yake. Lakini filamu inaweza kuyajibu yote kwa ufasaha na ikabaki mbovu, tena mbovu kwa namna yenye madhara.

Nasema madhara kwa kupima maneno yangu. De Bont alipoipa hofu sura, aliipa sura ya tajiri aliyekufa zamani, na hakuna jirani wa mtazamaji aliyefanana naye. Filamu zetu zikitaka kuipa hofu sura, mara nyingi zitaitafuta wapi? Aghalabu sura iliyo karibu ni ya bibi kizee: macho mekundu, fimbo, nyumba iliyo peke yake ukingoni mwa kijiji. Mnamo Mei 2008, katika eneo la Kisii, ng'ambo tu ya mipaka yetu, watu 11, wengi wao wakongwe, waliteketezwa kwa moto kwa madai ya uchawi. Mnamo Oktoba 2021, wanawake wanne wakongwe waliuawa huko Marani kwa madai hayo hayo. Sidai kwamba filamu iliwaua. Ninachodai ni kwamba mahali ambapo mzee anaweza kuuawa kwa sababu ya sura aliyobandikwa na majirani, uamuzi wa kumwonyesha mzuka kwa sura fulani si wa kiufundi tu. Hapo umbo na maadili haviwezi kutenganishwa. Mwelekezi anayeweka maneno ya kulaani uchawi kinywani mwa mchungaji katika onyesho la mwisho, baada ya saa nzima ya kutuonyesha uso wa ajuza kama uso wa uovu, amepata alama zote katika swali letu la pili, na ameufanya ulimwengu wa wakongwe kuwa mgumu zaidi.

Masimulizi yetu ya kale hayakuwa na pupa hiyo. Katika hadithi ya Simbi, bibi kizee si mzuka; ndiye aliyedhulumiwa, na dhambi ni ya waliomfukuza. Katika siwindhe, nyumba ambamo watoto wa Kiluo walilala wakisimuliwa hadithi, aliyeitunza hofu na kuigawa kwa kiasi alikuwa ni bibi. Nyawawa hawakuwa na uso wa mtu yeyote, na kwa hiyo kijiji kizima kiliweza kupiga sufuria pamoja bila kumshuku jirani. Sisemi kwamba jamii hiyo haikuwa na watuhumiwa wake, ilikuwa nao. Nasema kwamba usimulizi wake bora ulijua kuiacha hofu bila sura, na kwamba huo ni ustadi unaoweza kufundishwa.

Hitimisho

Kwa mintarafu ya haya, ninapendekeza mambo matatu kwa wanachama na wahadhiri wetu. Kwanza, hakiki za filamu zipewe nafasi ya kudumu katika jarida hili, nazo zieleze onyesho kwa onyesho kile kilichoonyeshwa, kilichofichwa, na sababu yake, badala ya kusimulia ploti na kutaja dhamira. Pili, filamu mbili za The Haunting, ya 1963 na ya 1999, zitazamwe sambamba katika kozi za fasihi linganishi, pamoja na utambaji wa kisa cha Luanda Magere uliorekodiwa kwa wenyeji. Wanafunzi watajifunza mengi kuhusu taharuki katika alasiri moja kuliko katika orodha ya sifa kumi za ngano. Tatu, tuwafikie vijana wanaotengeneza filamu katika miji na masoko yetu kabla ya kazi zao kukamilika, maana hakiki inayokuja baada ya jiwe kuanguka haimwinui Magere.

Kazi hii haiwezi kusubiri. Wazee wanaoifahamu hadithi ya gunda fulani, na kwa nini hakuna aliyejenga tena hapo, wanaendelea kututoka. Filamu itakayotengenezwa kwanza juu ya hadithi hizo ndiyo watakayoijua watoto wa Nyakach kama hadithi yenyewe, na huenda wasipate bibi wa kuwasimulia tofauti. Ikiwa filamu hiyo itawaonyesha ajuza mwenye macho mekundu, watamtafuta kijijini. Ikiwa itawaonyesha ua wa minyaa, mlango uliosindikwa na watu wazima wakipiga mabati, watabaki na hofu ya haki isiyomdhuru mtu. Uchaguzi huo utafanywa na mwelekezi kijana, pengine mwaka huu, na iko haja awepo mtu wa kumweleza kwa Kiswahili sanifu na kwa hoja zilizopangika tofauti ya filamu hizo mbili.